Makaroni ya Jibini Ghorofa ya Nne

Harufu ya jibini inayoungulia kwenye ukingo wa sufuria ndiyo inayonirudisha. Si jibini peke yake, maana hiyo siku hizi imejaa kila supamaketi. Ni jibini pamoja na moshi wa yale makaa ya mawe ya mviringo yenye matundu, pamoja na nguo mbichi zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kuna manyunyu, pamoja na tui la nazi linalochemka taratibu. Nikiipata harufu hiyo, na huipata mara chache na mahali nisipotegemea, basi mimi si mtu mzima tena. Niko Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya nne, nina miaka tisa, nimevaa sweta mbili, na ndege inapita juu ya paa letu chini kiasi kwamba vijiko vinalia kabatini. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa pua na mdomo na sisi. Ndege zilishuka mchana kutwa kwenye ukungu wa baridi, na mimi nilizisikiliza nikiwa nusu nimelala, nusu niko macho, nisijue kama ngurumo ile iko angani au iko ndani ya kichwa changu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Biashara ya Bangkok ilikuwa imewaharibikia watu wengi, na baba yangu ni mmoja wa waliohamishia miguu China kabla hawajajua hata kusema asante kwa Kichina. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia bidhaa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja, akazifunga, akazipakia, akazisafirisha. Alipopata chumba na sebule, akatuita mama na mimi. Mama alizaliwa na kukulia Ng'ambo, Unguja, katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mpaka watu walale. Alifika Guangzhou na sahani zake za bati zenye maua mekundu, alizopewa na bibi, na akazipanga kabatini kabla hata hajavua viatu. Kisha akatoka kwenda sokoni kutafuta pilipili mbuzi. Akaambiwa "mei you," yaani hakuna. Akatafuta mbaazi, mei you. Akatafuta samli, mei you. Alirudi na kabichi na hasira. Neno lile alilichukia mpaka likawa tusi ndani ya nyumba, mimi nikikataa kuoga alinifokea, "Usiniletee mei you zako hapa!"

Jikoni kwetu, lakini, mwenye jiko alikuwa Baba. Najua wapo watakaocheka, mwanamume wa Kizanzibari kujifunga kitambaa kiunoni na kukoroga, tena si pilau ya harusi. Baba hakujali. Ujanani alikuwa baharia, na meli yake ilipotia nanga Baltimore yeye alishuka akasahau kupanda tena. Alikaa huko miaka, akifanya kazi katika jiko la mgahawa mmoja karibu na bandari, na alichorudi nacho si gari wala nyumba. Alirudi na mapishi. Alijua kuoka nyama ya kusaga iliyokandwa na mkate na mayai, ambayo Wamarekani huiita mkate wa nyama. Alijua mkate wa mahindi, na chapati zao nene zinazomwagiwa asali. Lakini mfalme wa vyote kwake alikuwa makaroni ya jibini. Alisema kila mpishi katika lile jiko alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya makaroni ya mama yake. Mmoja alitia haradali, wa pili alitia yai, wa tatu aliapa kwamba bila chenga za mkate juu huo ni uji. "Wote wanasema ya mama yangu ndiyo yenyewe," Baba alituambia, akicheka peke yake. "Na wote nimeyala makaroni yao, na wote wamesema kweli."

Guangzhou makaroni yenyewe hayakuwa taabu. Watu wa mji ule huyala asubuhi ndani ya supu, kwa hiyo yalipatikana kila duka. Taabu ilikuwa jibini, ambayo Baba aliifuata mbali, dukani karibu na hoteli ya wageni, akarudi nayo ndani ya koti kama mtu aliyebeba kifaranga. Tanuri hatukuwa nalo. Alichofanya ni kile wafanyacho mama zetu kwa mkate wa mchele: aliweka sufuria jikoni, akafunika kwa bati, akapalia makaa juu. Sisi tuliketi tukingojea, madirisha yakilowa mvuke, na juu ya makaroni ukajiumba ukoko wa rangi ya kahawia ambao mimi na yeye tuliugombania kwa vijiko. Nilikipenda chakula kile jamani! Kilikuwa laini, kizito, na chenye joto linalotelemka mpaka nyayoni. Nilipokuwa nakila nilikuwa najiona nimefunikwa blanketi kwa ndani.

Mama aliuona ukoko, akaonja kijiko kimoja, akakitua. "Baba Zuhura," akasema, "chakula hiki kimepikwa na mgonjwa?" Tangu siku hiyo ikawa vita. Baba akienda msalani, Mama anatia binzari. Baba akitoka kununua mkate, Mama anatia pilipili manga na kitunguu kilichokaangwa. Siku aliyopata nazi zilizotoka kusini, kisiwa cha Hainan, alimwaga maziwa yote ya Baba ndani ya kikombe changu akaniambia ninywe, kisha akatia tui zito badala yake. Baba alirudi, akala. "Wangeniua Baltimore," akasema. Akaongeza sahani ya pili.

Siku moja, akiwa anapalia makaa, Baba alitusimulia jinsi Wamarekani wanavyokipeleka chakula kile kwa jirani. Mtu akifiwa, akiugua, akijifungua, majirani humletea bakuli la makaroni mlangoni. Mama akainua kichwa. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza cha Marekani kilichompendeza. "Na bakuli linarudi na nini?" akauliza. Baba akashangaa swali. "Linarudi limeoshwa," akajibu. "Tupu?" "Tupu, lakini safi." Mama akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayewasikitikia watu waliokosa malezi. Kwetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi, utarudisha chombo na hata maembe mawili, na kama huna kitu kabisa utatia chumvi kidogo au sukari. Mkono mtupu haulambwi. Mama alikua akitumwa na sahani nyumba hadi nyumba, hasa Ramadhani, na ilipofika magharibi hakuna aliyejua tena sahani ya nani iko kwa nani.

Ndiyo maana Ramadhani ile ya kwanza Guangzhou ilimvunja. Kila alasiri alipika futari, na kila alasiri mkono wake ulipakua sahani moja ya ziada bila yeye kufikiri. Aliifunika, akaenda nayo mpaka mlangoni, akasimama. Ngazi zilikuwa kimya na baridi. Mlango wa pili ulikuwa wa bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa akikaa peke yake, ambaye mimi nilimwita Apo, kama watoto wote wa jengo walivyowaita bibi. Tulikuwa tukimwona na kapu lake la mboga, akitutazama, nasi tukimtazama, basi. Mama alisimama na ile sahani, kisha akarudi nayo ndani. Nilimwona akifanya hivyo tena na tena, na nilitaka kulia, na sikujua ninalilia nini. Baadaye nikajua. Jioni moja baada ya kufuturu alimwambia Baba kwa sauti ya chini kabisa, bila ugomvi, "Idi ikipita nirudishe kwetu. Mji huu sina hata mtu wa kumpelekea sahani." Baba akauliza, "Na mtoto?" Mama akasema, "Mtoto atakwenda na mama yake."

Baba hakubisha. Alisema tu kwamba Idi ikipita atakwenda kuikata tiketi. Mimi nililala chini ya mablanketi nikisikia ndege zinapita na nikazichukia zote, kwa sababu nilijua moja kati yao itanichukua na kumwacha baba yangu na makaroni yake katika chumba kile, peke yake, kama alivyokaa mwaka mzima kabla yetu. Wakubwa hudhani mtoto hasikii. Mtoto husikia, ila hana pa kupeleka alichosikia.

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaisha wakati mwaka mpya wa Wachina unaingia. Mji wote ukafunga virago. Wafanyakazi wakarudi vijijini kwao, mabohari yakateremsha milango ya chuma, na mtaa wa Sanyuanli, ambao mchana wa kawaida huwezi kupita bila kusukumwa na mkokoteni, ukawa mpana na mtulivu kama ua lililofagiwa. Kila mlango ulibandikwa karatasi nyekundu. Duka la jibini nalo likafungwa. Baba alirudi mikono mitupu, akakaa kitini akajiinamia, na nadhani hakuwa akiwaza jibini. Mama akamtazama. Akasimama, akachukua maziwa ya unga, akayakoroga na tui mpaka yakawa kama uji mzito, akavunja mayai, akatia binzari, pilipili manga na chumvi, akamimina yote juu ya makaroni, akapalia makaa mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza aliyapika peke yake. Yalitoka ya manjano kama alizeti, na harufu yake iliteremka ngazi mpaka chini.

Alipakua. Mkono ukafanya mazoea yake, sahani ya bati ikajaa. Alipofika mlangoni, Apo alikuwa nje ya mlango wake, ameinama, anausogeza mti wa machungwa madogo uliopandwa chunguni, wenye matunda mengi kuliko majani. Kule huuweka mlangoni mwaka mpya unapoingia, uvute heri. Apo akainuka, akashika kiuno. Wakatazamana. Mama akasema, kwa Kiswahili safi cha Ng'ambo, "Karibu jirani, futari hiyo." Akanyoosha sahani. Apo akaitazama, akamtazama Mama, akaipokea kwa mikono miwili akainama mpaka nikaona utosi wake. Mlango ukafungwa. Mama akarudi ndani anahema kama aliyepanda ghorofa kumi.

Kesho yake sahani haikurudi. Keshokutwa haikurudi. Mama alijifanya hajali, lakini kila hatua ngazini ilimfanya asimamishe mwiko. "Amemwaga," akasema. "Angalau angenirudishia hata tupu, kama Wamarekani wako." Baba alimsihi avute subira, kwamba huenda mama wa watu ana shughuli za sikukuu. "Shughuli gani za kumfanya mtu asivuke ngazi?" Akaanza kukunja nguo zangu na kuzitia begini.

Asubuhi ya mwaka mpya mlango ukagongwa. Apo alikuwa amevaa koti jekundu, nywele zimelazwa kwa maji, na mikononi ilikuwa sahani yetu, imefunikwa karatasi nyekundu, nzito. Uso wa Mama ulifunguka, sijawahi kuuona hivyo tangu tufike. Aliipokea kwa mikono miwili, naye akainama. Mlango ulipofungwa akaibusu ile karatasi, wallahi aliibusu, akasema, "Imerudi na kitu!" Akafunua. Ndani mlikuwa na soseji nyembamba nyekundu zinazong'aa, zimepangwa vizuri ajabu, na vipande vya nyama iliyokaushwa, vyote vinanukia sukari na pombe. Baba alikuja nyuma yake, akachungulia, akatamka neno moja. "Nguruwe."

Mama alisimama na sahani mkononi. Mimi nilidhani basi, mambo yameisha, sasa hivi atakwenda kulifunga begi. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, anajifuta machozi kwa upande wa mkono. "Maskini ya Mungu," akasema, "amenitolea kilicho bora nyumbani kwake." Na kweli, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Baba akazitia zile soseji kwenye mfuko, mkono wake ameuvika plastiki, akashuka nazo kwa mlinzi wa lango, ambaye alimshukuru mpaka Baba akaona haya. Aliporudi alisema sahani itupwe. Hapo Mama aliacha kucheka. "Sahani ya mama yangu? Itaoshwa kama sheria inavyosema, mara saba, na moja kwa udongo."

Haya, udongo uko wapi? Baba akatazama nje ya dirisha. Saruji, vigae, lami, saruji. Mji mzima ule, na hakuna udongo wa kujaza kijiko. Baba alisema angekwenda kwenye bustani, lakini bustani ilikuwa mbali na mvua ilikuwa imeanza. Mama akafikiri, kisha akachukua kijiko, akafungua mlango taratibu, akaniambia nisimame nichunge. Akachuchumaa mbele ya mti wa Apo akaanza kuchimba.

Mimi sikujua wakati ule, na Mama hakujua, kwamba kuuchokonoa mti ule siku ya mwaka mpya ni kama kuingiza mkono katika heri ya mwenye nyumba. Mlango ukafunguka. Apo aliona jirani yake mweusi, aliyejifunika kanga mbili juu ya koti, anauibia mti wake udongo. Uso ulimshuka. Akasema maneno mengi ya haraka, sikuyashika. Mama akasimama, udongo kwenye kijiko, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu anaogopa mtu. Alionyesha sahani. Akaonyesha mdomo, akatikisa kichwa. Akaonyesha mbinguni. Apo haelewi, macho yamemtoka. Basi Mama, binti wa watu wenye heshima zao, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga chafya kwa nguvu, akaikunja pua yake kwa kidole akakoroma kama nguruwe.

Ngazi zote zililia kwa mwangwi. Apo aliganda. Kisha akajipiga kiganja mdomoni. Alijipiga tena pajani, akatoa mlio mrefu wa mtu aliyefanya kosa kwa mgeni, akamshika Mama mikono yote miwili, udongo ukamwagika, akaangua kicheko naye Mama akaangua. Apo akachovya mkono wake mwenyewe ndani ya chungu cha mti wake wa heri, akatoka na ngumi nzima ya udongo, akavua ndala zake, akaingia kwetu. Walisugua ile sahani pamoja kwenye sinki letu, mikono imekunjwa, kila mmoja anaongea lugha yake bila kumngojea mwenzake. Walipomaliza, Apo aliliona sufuria la makaroni la jana. Akakimbia kwake, akarudi na chupa ya mchuzi wa soya na majani ya vitunguu, akatuonyesha kwa vitendo jinsi alivyoyala ya kwetu. Naye alikuwa ameyatengeneza! Wakati wa kufuturu Baba alijaribu ule mchuzi juu ya ukoko, akafumba macho. "Hawa pia wana ya mama yao," akasema.

Siku ya Idi Apo alileta machungwa na maandazi madogo ya ufuta, safari hii ndani ya bakuli lake mwenyewe, jeupe lenye samaki wa buluu. Jioni Baba alikohoa, akatazama chini, akauliza, "Tiketi niikate ya lini?" Mama alikuwa anakuna nazi. "Ya kwenda wapi?" akajibu. "Bakuli la watu liko ndani kwangu, nitaondokaje?" "Lirudishe leo," Baba akasema, mwanamume bwana hana akili. Mama akamgeukia. "Tupu?"

Bakuli likaenda na makaroni. Likarudi na mayai yaliyochemshwa kwa majani ya chai. Sahani ikaenda na vitumbua, ikarudi na biringani. Haikupatikana siku hata moja ambayo hakuna chombo cha huyu kwa yule, na kwa sababu hiyo haikupatikana siku ya kuondoka. Tulikaa Guangzhou mpaka nikamaliza utoto wangu. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na sibishani nao, lakini Apo alipoanza kuumwa, aliyekuwa akimlisha kwa kijiko alikuwa Mama, makaroni laini, tui jepesi, bila binzari. Alipofariki, Mama alimwambia Baba, "Sasa nirudishe," na mara hii hata yeye Baba alijua hakuna la kumzuia.

Leo ninakaa Dar es Salaam, ghorofa ya sita, nina tanuri lenye kioo na taa ndani, na jibini za aina nne kwenye friji. Makaroni yangu nayapika kama wanavyopika Wamarekani wenyewe, nafuata video, na wanangu wanasema ni matamu kuliko ya bibi yao. Huenda kweli. Mama hakuwahi kulijua jina hasa la Apo, lakini alijua kwamba havumilii vitunguu saumu jioni, kwamba hupenda ukoko wa pembeni, kwamba siku ya mvua goti la kushoto humuuma. Mimi jina la jirani yangu nalijua, la kwanza na la ukoo, kwa sababu tuko pamoja kwenye kundi la jengo katika simu. Tumeishi mlango kwa mlango miaka mitano, tunazungumza lugha moja, tunaswali kibla kimoja. Mwezi uliopita alihama. Aliaga kwenye kundi, akaandika kwamba tumsamehe pale alipotukosea. Nilikuwa jikoni, mkono mmoja unakoroga. Nikamjibu kwa picha ya kidole gumba.